Supu ya makongoro kwa anayeanza: kutoka buchani mpaka bakulini, na cha kufanya ukiwa na kopo tu

Wiki iliyopita nilipigiwa simu tatu, zote za makongoro, yaani miguu ya ng'ombe. Ya kwanza ilitoka kwa binamu yangu wa Kigamboni: supu inanuka na wageni wako njiani. Ya pili ya jirani, bibi harusi wa miezi miwili, kaletewa makongoro mawili na mama mkwe na hajui aanzie wapi. Ya tatu ya mdogo wangu aliyeko Marekani, saa nane usiku kwa saa zetu: "Kaka, nimechemsha saa nzima na nusu, mbona yangu ni maji ya moto yenye mifupa?"

Maswali haya nimeyajibu kwa mdomo mpaka nimechoka, kwa hiyo leo nayaandika. Sijasomea upishi. Nilichonacho ni mjomba aliyekuwa akiuza supu Buguruni, Dar es Salaam, na mimi, nikiwa darasa la nne, ndiye niliyepepea moto na kuosha mabakuli kabla ya kwenda shule. Makongoro yalitoka machinjioni Vingunguti jioni, yakaingia sufuriani saa tatu usiku, na wateja wa kwanza, makondakta na walinzi waliotoka lindo, walifika saa kumi na moja alfajiri. Shika mpangilio huo kabla ya jambo lolote: supu ya asubuhi hupikwa usiku. Ukiamka saa moja ndipo uwashe jiko, hiyo ni supu ya mchana.

Kabla hujawasha jiko

Kwa watu sita hadi wanane tafuta:

- Makongoro 2 ya ng'ombe, kama kilo 2 hadi 2.5 yakishakatwa
- Maji lita 5 ya kupikia, na birika la maji ya moto pembeni
- Tangawizi mbichi, vipande viwili vya ukubwa wa kidole gumba
- Kitunguu saumu, punje 8
- Kitunguu maji kikubwa 1
- Pilipili manga nzima, kijiko 1 cha chai
- Pilipili mbuzi 2, zisizopasuka
- Ndimu 4
- Chumvi
- Sufuria ya lita 10 yenye kitako kizito, kisu kikali, na upawa wa kuengulia povu

Utaona sijaandika karoti, hoho, nyanya, viazi wala kiungo cha paketi. Sijasahau. Anayeanza hukimbilia viungo kwa sababu haiamini supu yake, na mara nyingi hana sababu ya kuiamini, maana ameipika saa moja. Kongoro lililoiva sawasawa lina ladha yake. Lipike hivi mara mbili, kisha mara ya tatu tia karoti ukitaka, wala sitakufuata nyumbani kwako.

Jambo lingine la kuandaa ni muda. Kwa mkaa au gesi tenga saa 5 hadi 6. Kwa sufuria ya presha tenga saa 2 na nusu, pamoja na kuosha. Kama huna muda huo leo, pika supu ya kuku.

Hatua ya 1: Chagua kongoro kwa pua, kisha kwa macho

Buchani usione haya kulinusa. Kongoro zuri lina harufu ya moshi na ngozi, si harufu ya uozo. Bonyeza ngozi, iwe ngumu, isiteleze kama sabuni. Miguu ya mbele na ya nyuma yote inafaa.

Angalia na weusi wake. Weusi wa moto wa kuni hukwanguka na kuacha ngozi ya kahawia. Ukinusa mpira uliochomwa au mafuta ya taa, liache hapo hapo. Hiyo harufu hakuna tangawizi itakayoiondoa, na hujui kilichochomewa.

Hatua ya 2: Babua, kisha kwangua

Hata kama muuzaji kasema "yameshababuliwa hayo, bosi", rudia. Shika kongoro kwa koleo juu ya moto wa mkaa au gesi, uligeuze polepole mpaka vinyweleo vyote viungue na ngozi ianze kutoa mlio wa kutatarika. Likipoa kidogo, kwangua kwa kisu chini ya maji yanayotiririka, kwenda na kurudi, mpaka weusi utoke.

Hapa ndipo supu ya binamu yangu ilipoharibikia. Alikwangua vizuri kote, ila hakupanua katikati ya vidole. Kati ya zile kwato mbili kuna mfereji, na ndani yake kuna manyoya, udongo na mengine ambayo ng'ombe alikanyaga. Panua kwa nguvu, ingiza ncha ya kisu, kwangua, kisha sugua kwa chumvi na nusu ndimu. Mjomba alikuwa akiniita, anainamisha kongoro kwenye mwanga wa kibatari na kuniuliza, "Humu ungekula?" Nikisita, linarudi kwenye karai.

Kama kwato bado zipo, zichovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika 10 hivi, kisha zigonge kwa mgongo wa panga. Zitachomoka. Usizipike.

Hatua ya 3: Kata

Mwombe muuza nyama akate kwa msumeno, vipande vya urefu wa vidole vinne, na ile mifupa minene aipasue. Shoka linafaa likiwa kali na mkono ukiwa na uzoefu. Vinginevyo huacha chenga za mfupa, na chenga moja ikimkwama mtoto kooni utaichukia supu maisha yako yote. Vyovyote vitakavyokatwa, pitisha kidole taratibu kwenye kila kipande na suuza mara mbili.

Hatua ya 4: Loweka na mwaga maji ya kwanza

Tia vipande kwenye maji baridi kwa nusu saa, yatoe damu. Mwaga. Hamishia sufuriani, funika kwa maji mapya, chemsha kwa dakika 10 mpaka povu la kijivu lijae, kisha mwaga yote, maji na povu. Osha vipande, osha na sufuria.

Wapo watakaokuambia unamwaga utamu. Waambie utamu haujatoka bado. Uko ndani ya ngozi na mishipa, na dakika 10 hazijaufikia. Kinachomwagwa ni damu, masizi na harufu.

Hatua ya 5: Anza upya na maji baridi, lita 5 kwa mkupuo

Weka vipande, mimina lita 5 zote sasa hivi. Usiweke kidogo kwa nia ya kuongeza baadaye. Washa moto wa wastani. Sufuria ikianza kutoa povu tena, engua. Kwa dakika 20 za mwanzo usiende mbali. Kaa na upawa wako na bakuli la kutupia.

Baadaye maji yakipungua mpaka vipande vinachungulia, ongeza ya moto kutoka kwenye birika. Ukimwaga ya baridi, sufuria inazimika kuchemka na unapoteza nusu saa kuirudisha.

Hatua ya 6: Punguza moto, halafu subiri

Hii ndiyo hatua yenyewe. Nyingine zote ni maandalizi yake.

Moto uwe mdogo kiasi kwamba sufuria inatokota: povu moja hapa, jingine pale, kama mtu anayewaza. Acha mfuniko umekaa upande, wazi kwa upana wa vidole viwili. Muda ni saa 4 hadi 5.

Kinachotokea ni kwamba ile ngozi na mishipa migumu inayeyuka polepole na kuwa gelatini, na gelatini ndiyo inayoifanya supu iwe nzito bila unga. Kazi hiyo inataka muda zaidi kuliko inavyotaka moto. Ukichochea moto ili iive haraka, mafuta yanachanganyika na maji, supu inakuwa nyeupe kama maji ya mchele, na kongoro bado gumu. Theolojia yote ya makongoro imeishia hapo.

Kwa mkaa, wowote ulio mgumu, lijaze jiko mara moja, na moto ukishakolea funika makaa kwa majivu kidogo. Mjomba aliweza kulala saa mbili mfululizo juu ya benchi, na alijua kwa sikio tu kama sufuria imezidiwa moto. Mimi natumia gesi, na ninaweka simu inikumbushe kila dakika 40 kuangalia maji.

*Kwa wenye sufuria ya presha:* fanya hatua ya 1 hadi ya 5 kama kawaida, na engua povu lote kabla hujafunga mfuniko, kwa sababu povu likipanda huziba tundu la mvuke. Usijaze kupita theluthi mbili, na kwa maji hayo usianze na lita 5. Lita 3 zinatosha, maana hayapotei. Ikianza kupiga filimbi, punguza moto na hesabu dakika 75. Zima, acha presha ishuke yenyewe. Usilazimishe mfuniko. Ya umeme ni hivyo hivyo, na haina haja ya kulindwa.

Hatua ya 7: Viungo, ikiwa imebaki saa moja

Twanga tangawizi na saumu pamoja, zisiwe laini sana. Kata kitunguu maji vipande vinne. Tumbukiza vyote na pilipili manga. Pilipili mbuzi ziweke nzima zielee. Zitatoa harufu bila kuunguza watu. Usizitoboe kwa upawa unapokoroga, na usisahau ziliko unapompakulia mtoto.

Ukiviweka mwanzoni kabisa, vitachemka saa 5 na hutasikia kitu. Ukiviweka dakika 5 za mwisho, supu itakuwa na ladha ya tangawizi mbichi, na itakukereketa koo.

Hatua ya 8: Jaribu kwa vidole

Usijaribu kwa uma. Uma utaingia kwenye nyama mapema na kukudanganya. Chota supu kidogo na kijiko, ipulize mpaka ipoe, chovya kidole gumba na cha shahada, vibane kwa sekunde 10, kisha viachanishe. Vikishikana kama vimepakwa gundi nyepesi, supu imeiva. Vikiachana kama umevichovya kwenye chai, rudisha mfuniko, ongeza nusu saa, jaribu tena.

Wateja wa mjomba walikuwa na kipimo chao. Walikuwa wakimaliza bakuli wanabana midomo na kuifungua, ikitoa mlio, "pa!" Midomo isiponata mtu anauliza, "Leo mmelala?"

Hatua ya 9: Chumvi sasa, ndimu bakulini

Chumvi ni mwisho kwa sababu maji yamekuwa yakipungua usiku kucha. Chumvi iliyotosha saa tatu usiku, alfajiri itakuwa ya baharini. Anza na vijiko viwili vya chai, koroga, subiri dakika 5, onja, ndipo uongeze.

Ndimu usiichemshe. Kila mtu akamue yake bakulini. Ndimu iliyochemshwa inaleta uchungu, na ikitiwa na maganda ni mbaya zaidi.

Hatua ya 10: Pakua

Vipande viwili kwa bakuli, supu ya moto juu, ndimu, pilipili ya kukata, chapati mbili pembeni. Ndizi za kuchemsha nazo zinafaa. Chapati usiikatie ndani ya bakuli kabla mwenye kula hajakuomba. Kuna watu watagombana nawe kwa hilo, baba yangu akiwa wa kwanza. Yeye aliichana kwa mkono wa kulia, akaikunja, akachovya ncha tu, na mfupa aliuacha mpaka mwisho. Siku za Jumapili nilikaa mbele yake nikingoja ule uboho. Aliugonga mfupa mara tatu kwenye ukingo wa bakuli, akauangusha kwenye kipande cha chapati na kunipa bila kusema kitu. Mpaka leo nikisikia mfupa ukigonga bakuli kwenye kibanda cha supu, nageuka.

Kuhusu yule atakayekuambia supu hii inaunga mifupa iliyovunjika: mpelekee mgonjwa wako bakuli, atafurahi, ina protini na inashuka vizuri. Lakini usitegemee kalsiamu humo. Mfupa hauitoi kirahisi ndani ya maji, na glasi ya maziwa inayo zaidi. Hospitali aende vilevile.

Mafuriko ya maswali kuhusu supu nyingine

Ya pweza sitaielezea hapa. Pweza ana mambo yake, na watu wa Forodhani kule Zanzibar wanamjua kuliko mimi.

Mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, lakini naulizwa sana na wanaume ambao wake zao wamejifungua, hivyo kwa ufupi: chemsha nusu kilo ya nyama ya ng'ombe yenye mfupa mpaka ilainike, tia ndizi mbichi 8 hadi 10 zilizomenywa, za aina ya mshare ukizipata, na kitunguu. Zikiiva, toa nyama na mifupa, ziponde ndizi humo humo kwa upekecho au mwiko mpaka ziwe laini, ongeza supu mpaka iwe nzito kidogo kuliko uji, kisha rudisha nyama iliyochambuliwa. Menya ndizi ukiwa umepaka mafuta mikononi, utomvu wake hauna msamaha. Dada yangu aliolewa Moshi, na alipojifungua mtoto wa kwanza mama mkwe wake alimletea mtori kwenye chupa ya chai asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Dada, ambaye nyumbani alikuwa hali ndizi, anasema ile harufu ikimfikia leo anasikia mtoto mchanga analia.

Ukiwa mbali na bucha: kongoro la barafuni na supu ya kopo

Kwa mlioko ughaibuni, makongoro yapo. Kwa Marekani nenda kwenye maduka ya Waafrika, Wakaribi au Wamexico. Wamexico wanayaita *pata de res*. Mengi yanauzwa yamegandishwa, yamekatwa na yameoshwa kwa maji ya moto mpaka yamekuwa meupe pe. Hayanuki, lakini hayana moshi, na supu yake inakuwa kama imesahau kitu. Yayeyushe, yafute maji, yapange kwenye sinia na uyachome ndani ya oveni, moto wa juu, dakika 15 hadi 20 mpaka ngozi ianze kuwa na madoa ya kahawia. Kisha endelea na hatua ya 4.

Kisha kuna siku ambazo ni kopo tu. Sioni aibu kuliandikia. Mdogo wangu majira yake ya kwanza ya baridi aliishi kwa supu ya kuku ya kopo, na mara ya kwanza aliifungua, akaipasha moto na kuila kama ilivyo. Akanipigia: "Kaka, hawa watu wanakula chumvi kwa kijiko." Nikamwambia asome maandishi kwenye kopo. Ilikuwa ni ile iliyopunguzwa maji, ya kuongezwa kopo moja la maji. Ujanja huo ni wa mwaka 1897, wa mkemia John Dorrance wa kampuni ya Campbell huko New Jersey: supu ikiondolewa maji inakuwa nyepesi kusafirisha na rahisi kwa bei, mnunuzi anaongeza maji yake mwenyewe jikoni. Ukikosa kujua hilo unakula supu ya watu wawili kwa mdomo mmoja.

Kuifanya iweze kulika na mtu wa Buguruni:

1. Kagua kopo. Lililovimba au linalovuja litupe bila kuonja. Ndani yake panaweza kuwa na sumu usiyoweza kuiona wala kuinusa.
2. Kaanga kijiko kimoja cha tangawizi na saumu iliyotwangwa kwenye mafuta kidogo, dakika moja tu, isiungue.
3. Mimina supu na kopo moja la maji, kama maandishi yanavyotaka. Ikichemka, tia pilipili manga na kipande cha pilipili mbichi.
4. Usiongeze chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na kopo zima la supu ya aina hii linaweza kukumalizia kiasi hicho asubuhi asubuhi. Soma upande wa nyuma.
5. Zima moto, kamua ndimu, kula na chapati. Hata zile za kuyeyusha kutoka kwenye friza zinafaa.

Kuna kitu cha ajabu: sasa mdogo wangu kajifunza makongoro, ana oveni, ana sufuria ya presha ya umeme, lakini theluji ikianza kudondoka anakwenda kununua kopo lile lile. Anasema ndiyo supu ya chumba chake cha kwanza, kilichokuwa na kitanda na dirisha lisilofunga.

Ikienda kombo

*Inanuka.* Tatizo liko hatua ya 2 na ya 4, si kwenye viungo. Kama bado ni mapema, toa vipande, vikwangue tena, mwaga maji, anza upya. Kama wageni wameshakaa, ongeza tangawizi na ndimu, na uwaombe radhi.

*Ni maji maji.* Aidha maji yalizidi au muda haukutosha. Jaribu vidole. Vikinata kidogo tu, toa mfuniko kabisa na acha ipungue. Visiponata hata kidogo, haijaiva, endelea. Usitie unga wa ngano. Nakusihi.

*Chumvi imezidi.* Ongeza maji ya moto yasiyo na chumvi na uichemshe kidogo. Kiazi unachoambiwa utumbukize kitakunywa supu pamoja na chumvi yake, kitakachobaki sufuriani ni chumvi ile ile.

*Ni nyeupe.* Ulichochea. Ladha haijaharibika, kula tu. Kesho punguza moto.

*Ina uchungu.* Ndimu imechemka, saumu imeungua, au kitako kimeshika. Kama kimeshika, usikwangue chini: hamishia ya juu kwenye sufuria nyingine.

*Saa 5 zimepita na bado gumu.* Ng'ombe mzee huyo. Ongeza saa. Watu wameniuliza kama ni kweli vidonge vya kutuliza maumivu hulainisha nyama. Dawa ni ya mgonjwa, sufuriani usiiweke. Magadi nayo yaache. Yatalainisha ngozi mpaka iwe kama sabuni na kuiachia ladha yake.

*Imebaki nyingi.* Weka sufuria kwenye karai la maji baridi, koroga ipoe, na ndani ya saa 2 iwe kwenye friji. Itakaa siku 3. Unapopasha, ichemke kabisa. Ikitoa harufu ya kuchacha au mapovu ya peke yake kabla haijapata moto, mwaga.

*Imeganda kwenye friji, inatikisika kama jeli.* Hili ndilo lililomfanya mdogo wangu apige simu mara ya pili wiki ile ile. Alikuwa amefuata kila hatua, amelala, asubuhi kafungua friji akakuta sufuria nzima imeshikana, kijiko kimesimama chenyewe katikati. Alikuwa ameshaimwaga yote kwenye pipa la taka aliponitumia picha, akiuliza kaharibu wapi. Nilikaa na ile picha muda mrefu kidogo kabla ya kumjibu kwamba hiyo ndiyo supu bora aliyowahi kupika. Kimya. Halafu nikasikia anatafuta funguo za gari. Duka la Wamexico linafungwa saa tatu usiku.